Mgomba Katika Swali la Thelathini na Nane

Nilimkosea Elina kabla sijamfahamu. Daftari langu la mwaka 1995 ninalo bado, na katika ukurasa wake wa tatu nimeandika hivi: "Mwalimu wa hesabu asiyejua hesabu. Huficha udhaifu wake nyuma ya michoro." Mwandiko ni wa mtu aliyeridhika na nafsi yake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, shahada moja, na koti la mtumba ambalo niliamini linanifanya nionekane mkaguzi.

Ile ilikuwa enzi ya ruksa. Watu walikuwa wamegundua kwamba mengi waliyozoea kuyasubiri kutoka serikalini wangeweza kujifanyia wenyewe, na baadhi ya mambo hayo yalikuwa bora zaidi yaliposubiriwa. Shule za msingi kumi na moja, kutoka Isongole hadi Kyimo, ziliungana ziwe na mtihani wao wenyewe wa majaribio kwa darasa la saba, ule ambao kila mtu aliuita moko. Wazazi walichangia karatasi. Mkazi mmoja wa Msasani, ile ya kwetu Tukuyu, alikuwa na mashine ya kudurufu. Kilichopungua ni msomi. Mimi nilikuwa nafundisha sekondari moja mjini Tukuyu, na walimu wakuu wakanikabidhi kazi ya kutunga na kusahihisha hesabu. Sikuwauliza kwa nini walinichagua. Nilidhani sababu inaonekana.

Kabla ya kutunga nilizunguka shule zote kumi na moja ili, kama nilivyowaambia, nipime kiwango. Katika shule moja ya Kyimo ndipo nilipomkuta Elina, amepiga magoti sakafuni katikati ya darasa, kipande cha mkaa mkononi, watoto arobaini na wanne wamemzunguka kama watu wanaotazama mechi ya bao.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alizaliwa, akasoma, akaolewa na akafundisha katika eneo ambalo mtu angelizunguka kwa miguu kwa siku moja na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Alikuwa miongoni mwa wale waliomaliza darasa la saba katika miaka ya sabini wakageuzwa walimu kwa haraka, wakati taifa lilipotaka kila mtoto awe shuleni na halikuwa na wa kumfundisha. Miaka ishirini baadaye taifa hilohilo likakumbuka kwamba watu wale hawakuwa na kidato cha nne. Majina yao yaliandikwa katika orodha, na orodha ile ilisemwa kuwa ya watakaopunguzwa kazini. Elina alijua kwamba jina lake limo. Alijua pia kwamba mwalimu aliyemo katika orodha hiyo haruhusiwi kosa hata moja, kwa sababu kosa la kwanza ndilo ambalo orodha inalingojea.

Namna yake ya kufundisha mafumbo ya hesabu hakuipata chuoni. Baba yake, mzee Ambindwile, alikuwa fundi wa nyumba za mianzi, na kabla ya kusimamisha ukuta aliilaza mianzi yote chini, vitako vyake vimegusa gogo moja lililonyooka. Hapo hakuhitaji futi wala rula. Urefu na ufupi vilijionyesha upande wa pili. Elina alikuwa akimshikia baba yake mianzi tangu akiwa mdogo, na alipopewa darasa la saba na kitabu cha hesabu ambacho yeye mwenyewe kilimtoa jasho, alirudi kwenye gogo. Alichora mstari wa wima sakafuni, akauita gogo. Kila mtu aliyetajwa katika fumbo alipata mwanzi wake ulioanzia kwenye gogo hilo, na kila mwanzi uligawanywa katika vyumba vilivyolingana.

Siku ile fumbo lilihusu watoto wawili, Agness na Simon, waliogawana maparachichi thelathini na tano, Agness akipata mara nne ya Simon. Agness akachorewa vyumba vinne, na Simon chumba kimoja chini yake.

"Vyumba vingapi vyote?" Elina aliuliza.

"Vitanooo!"

"Thelathini na tano zinaingia vyumba vitano. Kila chumba?"

"Sabaaa!"

Mtoto mmoja akaomba Agness aambiwe apunguze uchoyo. Darasa likacheka, na fumbo likawa limekwisha. Nilitazama saa. Dakika mbili. Nikaandika katika daftari ile sentensi niliyokwisha kuitaja.

Baadaye, katika ofisi ya walimu, nilimshauri kwa upole wa mtu mwenye cheti.

"Mwalimu, mbona usiwafundishe kutumia herufi? Tuseme maparachichi ya Simon ni x."

"X ndiyo nani?"

"Ni kile kitu tusichokijua."

"Sasa mwalimu wangu, mtoto hayajui maparachichi ya Simon, nimwongezee na mgeni mwingine asiyemjua?"

Walimu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa namna ya kuonyesha kwamba sikuchomwa. Mumewe Elina, Lusungu, mkulima wa chai aliyekuwa ameleta kuni za shule, alisimama mlangoni akanitetea kwa namna yake: "Mwambie wewe msomi. Kila siku anajenga mabweni ubaoni, na hakuna aliyewahi kulala humo."

Nilirudi Tukuyu nikatunga. Katika miaka ile wataalamu walisisitiza sana kwamba maswali yatoke katika mazingira ya mtoto, na mimi niliona aibu kuendelea na machungwa ya watu wa pwani. Nikaweka viazi vya Isongole, nikaweka chai, nikaweka maziwa. Swali la thelathini na nane ndilo lililonipendeza kuliko yote: *Baba mkwe na mke wa mwanawe walivuna mikungu 60 ya ndizi. Baba mkwe alivuna mara tatu ya mkwewe. Je, mkwe alivuna mikungu mingapi?* Jibu ni kumi na tano. Ndizi zetu, familia yetu, kazi yetu. Nilimsomea mke wangu, Veronika, naye akasema, "Mh," kisha akaenda kupika. Niliichukua hiyo kuwa sifa.

Mtihani ulifanyika mwezi wa saba, katika wiki ya ukungu na manyunyu. Nilisahihisha mezani kwangu, shule baada ya shule, na katika shule nyingi swali lile liliwapa watoto majibu ya kila namna, kama fumbo zuri linavyopaswa. Nilipofika kwenye karatasi za Kyimo nikaona kumi na mbili. Karatasi iliyofuata, kumi na mbili. Ya tatu, kumi na mbili. Kati ya watoto arobaini na wanne, arobaini na mmoja walikuwa wameandika kumi na mbili. Watatu tu walikuwa na kumi na tano.

Nilijaribu kutafuta njia inayomfikisha mtoto kwenye kumi na mbili. Sitini ukigawa kwa tatu unapata ishirini. Ukigawa kwa nne, kumi na tano. Ili upate kumi na mbili ni lazima ugawe kwa tano, na hakuna tano popote katika swali lile. Mtoto mmoja anaweza kukosea hivyo, hata watano. Arobaini na mmoja hawakosei pamoja isipokuwa wameambiwa. Nikahitimisha kwamba mwalimu wao alipita katikati yao akawanong'oneza jibu, na kwa kuwa hajui hesabu, aliwanong'oneza jibu lisilo sahihi. Hitimisho hilo lilikuwa na uzuri wake. Lilieleza kila kitu, na lilikubaliana na ukurasa wa tatu wa daftari langu.

Niliwaarifu walimu wakuu. Habari ilinitangulia kufika Kyimo, na nilipofika nilikuta kamati ya shule imekaa, mwenyekiti wake akiwa mzee Asajile, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndefu na subira fupi.

"Ugonile, mwalimu," alinisalimu, kisha hakungoja niitikie. "Huyu mama tumemvumilia. Sasa tunaandika barua ipelekwe juu. Wewe utatia sahihi yako, maana wewe ndiye uliyemgundua."

Mwalimu mkuu, Abrahamu, mtu mnene aliyekuwa akifuta miwani yake tangu nilipoingia, alisema kwa sauti ya chini, "Tumsikilize kwanza, mwenyekiti."

"Tumsikilize nini? Wamekosa wote kwa mdomo mmoja! Hata kwaya yangu haijawahi kukosea pamoja hivyo."

Elina alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, mikono mapajani. Kila mtu mle ndani, yeye akiwamo, alielewa barua ile ingefika wapi na ingekutana na orodha gani. Hakujitetea. Alisema neno moja tu, na alilielekeza kwangu: "Waulize watoto." Nilitambua kwamba hakuonekana kushangazwa na kumi na mbili zile, na katika hali yangu ya wakati ule niliona kutoshangaa huko kuwa ushahidi.

Tukaenda darasani, kamati nzima nyuma yangu. Nilimwita msichana mmoja, Winfrida, ambaye alama zake nyingine zilikuwa nzuri, nikamsomea swali la thelathini na nane na kumwambia alifanye mbele yetu kama alivyolifanya siku ya mtihani.

Alichukua mkaa, akachora gogo. Akachora mwanzi wa baba mkwe, vyumba vitatu. Kisha akasogea kulia, mbali na gogo, akachora chumba kingine na kukitia mistari ya kijani kwa jani alilolichuma dirishani. Ng'ambo ya chumba hicho ndipo alipochora chumba kimoja cha mkwe.

"Hiki cha katikati ni cha nani?" niliuliza.

"Si cha mtu."

"Basi ni nini?"

Winfrida alinitazama kama mtu anayeulizwa mvua ni nini. "Mgomba."

"Mgomba wa kazi gani?"

"Wa kumkinga mkwe. Sasa atakaaje gogo moja na bamkwe, mwalimu? Si wataonana?"

Darasa liliguna kwa kukubali.

"Halafu?"

"Halafu nikahesabu vyumba vilivyochorwa, vitano. Sitini gawanya kwa tano."

Ninatoka Isongole. Mimi ni Mnyakyusa kwa baba na mama, na hakuna aliyehitaji kunieleza kwamba kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, kwamba mke huyo akimwona mzee anakuja njiani huingia migombani mpaka apite, na kwamba hata jina lake hulikwepa. Pasaka ya mwaka ule ule baba yangu alikuwa amekuja kutuona Tukuyu, na Veronika, mwanamke aliyesoma hadi kidato cha sita, aliliacha sinia la chai mlangoni na kumwita mtoto wa jirani aliingize. Niliinywa chai ile. Miezi mitatu baadaye, katika nyumba ileile, nilimtuma mkwe na baba mkwe wakavune ndizi katika shamba moja, na nikaona fahari kwamba nimeyatumia mazingira ya mtoto.

"Nani aliwafundisha kuweka mgomba?" niliuliza, ingawa nilianza kuogopa jibu.

Winfrida alimtazama Elina. Elina ndiye aliyejibu. Mwezi wa tatu, alisema, aliwapa fumbo la kitabuni lililohusu umri wa mkwe na baba mkwe, akalichora ubaoni, mwanzi chini ya mwanzi. Mzee mmoja alipita dirishani, akaona, akaingia darasani bila hodi na kumwambia kwamba anawafundisha watoto utovu wa adabu. Ili amani irudi, akachora mgomba kati yao. Swali la siku ile lilikuwa baba mkwe amemzidi mkwe kwa miaka mingapi, hivyo mgomba haukuhesabiwa na haukumdhuru mtu.

"Mzee gani huyo?" Abrahamu aliuliza, akivaa miwani.

Mzee Asajile alikohoa. "Mimi nilisema wasikae pamoja," alisema. "Sikusema mgomba uhesabiwe!"

Nilikumbuka wale watatu waliopata. Wawili walikuwa Rukia na binamu yake Muddy, wa familia ya Kiislamu yenye duka karibu na mnada; wa tatu alikuwa Jackson, ambaye baba yake alihamishiwa kwetu kutoka Singida. Nilimuuliza Rukia kwa nini hakuhesabu mgomba.

"Nimeona hauhusiki. Ndizi haina haya."

"Nyie kwenu mnakula sahani moja na bamkwe!" mvulana wa nyuma alidakia.

"Na hesabu tunapata," Rukia alijibu.

Hata mzee Asajile alicheka, kisha akakumbuka cheo chake. Tulirudi ofisini. Barua ilikuwa bado mezani, na palikuwa na swali moja ambalo lilipaswa kuulizwa, naye mzee Asajile akaliuliza.

"Hebu nijue. Aliyemweka mkwe na baba mkwe katika mtihani ni nani? Huyo ndiye wa kuandikiwa barua."

Abrahamu alitazama dari. Elina alinitazama mimi, si kwa kunishtaki. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyesimama ubaoni na chaki mkononi, akimpa muda wa kufikiri. Muda huo sikuutumia vizuri.

"Wataalamu," nilisema.

"Wataalamu hawana wakwe?"

"Wengine bado hawajaoa," nilijibu. Nilikuwa na mke, na alikuwa na mimba ya miezi minne.

Niliandika ripoti jioni ile. Nilieleza kwamba hapakuwa na udanganyifu wowote, na kwamba swali la thelathini na nane limefutwa katika shule zote kumi na moja "kwa sababu za kitaalamu", watahiniwa wote wapewe alama yake. Sentensi zote ziliandikwa kwa kauli ya kutendwa: swali lilitungwa, utata uligunduliwa, uamuzi ulifikiwa. Hakuna mahali ambapo mtu yeyote alifanya lolote. Barua ya kamati haikupelekwa. Orodha ilipofanyiwa kazi mwaka uliofuata, Elina hakuwa na doa, naye akaachwa kwa masharti kwamba ajiendeleze. Neno pekee aliloniambia nilipompa nakala ya ripoti lilihusu watoto watatu.

"Na hawa waliopata kwa haki? Umewafanya sawa na waliokosa."

"Hakuna njia nyingine, mwalimu."

"Ipo," alisema. "Sema tu ulikosea. Lakini ndaga, ahsante."

Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na miaka arobaini na moja, kama mtahiniwa binafsi, katika chumba kimoja na watoto aliowahi kuwafundisha. Masomo mengine alifaulu mara ya kwanza. Hesabu alirudia mara mbili, kwa kuwa aliandika majibu sahihi chini ya michoro ya vyumba na msahihishaji alitaka kuona njia. Mara ya tatu aliandika x kila mahali. Lusungu aliniambia kwamba mkewe alichora kwanza mapajani kwa kidole, kisha akatafsiri. Aliendelea na darasa la saba hadi alipostaafu. Mafumbo ya wakwe aliyabadili yote yakawa ya bibi na mjukuu, ambao kwetu wanaruhusiwa kukaa popote na hata kutaniana.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii katika semina za walimu kama mfano wa umuhimu wa kuzingatia utamaduni katika upimaji. Huwa ninaisimulia vizuri. Watu hucheka panapostahili. Katika masimulizi hayo mimi ni kijana aliyekosea kidogo kisha akaokoa kazi ya mama wa watu, na sikuwahi kuona sababu ya kuyarekebisha hadi mwaka juzi, nilipomkuta Abrahamu shambani kwake Isongole, mzee sasa, amekaa juu ya gunia la viazi. Nilimkumbusha mgomba. Hakucheka kama nilivyotarajia. Aliniuliza kama Elina aliwahi kuniambia kuhusu bahasha.

Hakuwahi. Ndipo akanieleza. Jioni ya kuamkia mtihani, yeye na Elina waliifungua bahasha ya mtihani ya shule yao ili wahesabu nakala, na kati ya karatasi za maswali wakakuta karatasi moja ya ziada, kwa mwandiko wangu: majibu yote, la kwanza hadi la hamsini. Nilikuwa nimeifunga humo kwa mkono wangu. Abrahamu alitaka irudishwe Tukuyu usiku huohuo. Elina alikataa, alisema yule kijana ndiyo kwanza ameaminiwa, na jambo hili likijulikana hataaminiwa tena. Aliyasoma maswali yote hamsini palepale, moja baada ya jingine, na alipofika la thelathini na nane alisimama kidogo, akasema, "Watahesabu mgomba hawa." Kisha akaitia karatasi ya majibu katika jiko la chai. Asubuhi yake, saa nzima kabla ya kengele, watoto wakiwa darasani wanamsubiri, alichukua jembe, akamwambia Abrahamu kwamba aliyeyaona maswali asikae karibu nao, akaenda kupalilia bustani ya shule, na hakuingia darasa la saba hadi mtihani ulipokwisha.